Ampea zinaishia wapi? Kupima mkondo kwenye sola ndogo ya nyumbani

Betri inasoma volti 12.6 saa moja jioni, na kabla ya saa nne usiku taa zimezima. Kwenye nyumba za sola za pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani, lalamiko hili ni la kawaida, na ushauri unaotolewa haraka ni kununua betri nyingine. Wakati mwingine betri kweli imechoka. Lakini mara nyingi hakuna aliyepima mkondo: ampea ngapi zinaingia mchana, ngapi zinatoka usiku, na ngapi zinapotelea njiani. Volti hupimwa na kila mtu kwa sababu ni rahisi, unagusisha ncha mbili na namba inatokea. Mkondo unadai ufungue waya, upige hesabu na uwe mwangalifu. Ni kazi ya muda mfupi, na inaweza kuokoa gharama ya betri nzima.

Kwa nini volti haitoshi

Geuza paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 na usome kibandiko cha mgongoni. Kwa kawaida utakuta Voc karibu 22, Vmp karibu 18, Isc karibu 6 na Imp karibu 5.5. Voc ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Isc ni ampea zinazopita ncha zake mbili zikigusanishwa. Vmp na Imp ni volti na ampea pale paneli inapotoa nguvu zake zote. Vipimo hivyo vimechukuliwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25.

Mwanga ukipungua nusu, ampea nazo hupungua karibu nusu, lakini volti hushuka kidogo tu. Ndiyo maana siku ya mawingu mazito ya masika paneli inaweza kuonyesha volti 19 au 20 huku ikitoa ampea isiyofika moja. Paneli yenye kiungo kilicholiwa na kutu ndani ya kisanduku cha nyuma nayo inaweza kuonyesha Voc kamili, kwa sababu mita ya volti huvuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba kutu haionekani. Ukiunganisha mzigo ndipo inaanguka.

Joto hufanya kinyume. Chini ya jua la Februari seli hufika nyuzi 60 bila shida, na Voc ya 22 hushuka hadi karibu 20. Ampea hazipungui kwa joto. Huongezeka kidogo sana. Kwa hiyo fundi anayekwambia ampea ni chache kwa sababu ya joto la pwani, mwombe atafute sababu nyingine.

Na betri je? Betri ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ampea mara saa inazoweza kuzitoa) iliyozeeka, ambayo sasa inabeba Ah 25 tu, ikijaa husoma volti zilezile za betri mpya iliyojaa. Volti hukwambia imejaa kiasi gani cha uwezo ilio nao. Hazikwambii uwezo wenyewe umebaki kiasi gani.

Kisia kwanza

Usishike mita kabla hujaandika kwenye karatasi namba unayoitarajia. Mita ikisoma ampea 3.8 bila makisio, hujui kama ni nzuri au mbaya. Kingine ni usalama: makisio ndiyo yanayokwambia kama mita yako inaweza kubeba mkondo huo.

Kwa mzigo, gawa wati kwa volti. Taa nne za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri na paneli) za wati 7 ni wati 28, sawa na ampea 2.3. Televisheni ya DC ya wati 24 ni ampea 2. Kwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, gawa kwa volti kisha ongeza hasara yake: inveta ikilisha kifaa cha wati 300 na ufanisi wake ni asilimia 85, upande wa betri hupita karibu ampea 30. Tayari umejua kwamba maltimita ya kawaida, mita ndogo ya mkononi inayopima volti, ampea na ohm, haitafika hapo.

Kwa paneli, anza na Isc kisha punguza kulingana na jua. Tanga mjini jua huwa juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi yetu. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi, na mwezi Juni hulala kaskazini kwa nyuzi 28 hivi. Paneli iliyopigiliwa kwenye bati linaloinama kusini kwa nyuzi 15 hupoteza zaidi ya robo ya mwanga wa moja kwa moja mwezi huo hata kukiwa hakuna wingu. Ukipata ampea 4 kwenye paneli ya Isc 6 katika hali hiyo, paneli ni nzima. Kilichokosewa ni paa lililochaguliwa.

Kuingiza maltimita katikati

Kama mita ya maji inavyokatiziwa kwenye bomba, ampea hupimwa kwa kukata njia na kuiweka mita katikati, umeme wote upite ndani yake. Kwa sababu hiyo upande wa ampea wa mita una ukinzani (kizuizi cha mkondo) mdogo mno, sehemu ndogo ya ohm moja. Na hapo ndipo hatari ilipo. Waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A, halafu ukagusisha ncha kwenye chanya na hasi ya betri kana kwamba unapima volti, umepiga betri shoti. Betri ya gari au ya sola inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Mita yenye fyuzi nzuri hukata. Zile za manjano za bei ndogo, zinazouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme Ngamiani, mara nyingi zimeandikwa pembeni ya tundu hilo kwamba halina fyuzi. Hapo huyeyuka waya, au mkono wako. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kufanya jambo lingine lolote, hata kabla ya kuandika namba.

Kipimo cha kwanza ni cha Isc ya paneli peke yake, na ndicho salama zaidi, kwa sababu paneli haiwezi kutoa zaidi ya Isc yake hata ukiipiga shoti. Funika paneli kwa turubai au gunia zito. Kanga haitoshi, mwanga unapenya. Ondoa waya za paneli kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Waya mweusi wa mita uwe kwenye tundu lililoandikwa COM, mwekundu kwenye 10A, swichi kwenye ampea za DC, kipimo cha 10. Unganisha ncha nyekundu na chanya ya paneli, nyeusi na hasi, kwa vibanio na si kwa kushikilia kwa vidole. Funua, soma ndani ya sekunde kumi, funika tena, ndipo uachanishe. Kufunika huku si woga. Mkondo wa DC ukikatwa ukiwa unapita hutoa cheche inayoendelea kuwaka, nayo hula ncha za plagi za paneli hadi zianze kupata moto siku za mbele. Hizo sekunde kumi nazo zimo kwenye maelezo ya mita nyingi ndogo, pamoja na kuipumzisha dakika 15 kabla ya kurudia, maana waya zake ni nyembamba.

Ukipata ampea 5 au zaidi saa saba mchana kukiwa kweupe, paneli ni nzima. Ukipata 4, ifute kwa maji baridi na kitambaa asubuhi au jioni, kabla kioo hakijachemka, kisha pima tena kesho yake saa ileile. Karibu na bahari, hasa Kusi linapovuma, chumvi huganda kwenye kioo na kushika vumbi kuliko nyumba za ndani kama Muheza. Ukipata sifuri kabisa, ishuku mita kwanza. Fyuzi yake huenda iliungua zamani. Weka swichi kwenye ohm, waya mwekundu kwenye tundu la volti, halafu chomeka ncha yake ndani ya tundu la 10A: inatakiwa isome karibu na sifuri. Isiposoma kitu, njia ya ampea imekatika, na paneli haina kosa.

Kivuli kinastahili neno lake. Paneli ya wati 100 ya aina hii huwa na seli 36 zilizofuatana, zimegawanywa makundi mawili, kila kundi na dayodi yake ya kukwepa, inayoupitisha mkondo pembeni kundi likikwama. Kuti la mnazi likitia kivuli seli moja tu, kundi lake lote linakwepwa na paneli inabaki na volti 9 au 10, zisizoweza kuchaji betri ya volti 12. Hapo Isc itasoma vizuri, kwa sababu nusu iliyobaki inasukuma ampea zake kama kawaida, lakini betri haipati kitu. Ni kesi adimu ambayo ampea pekee hudanganya, kwa hiyo angalia kivuli kwa macho, asubuhi, mchana na alasiri.

Kontrola na mitego yake

Kipimo cha pili ni mkondo unaoingia betri. Mpangilio wa kufungua waya ni muhimu: paneli hutoka kwanza, betri mwisho; na wakati wa kurudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi hutumia betri kujua zinafanya kazi kwa volti ngapi, na zikiachwa na paneli peke yake zinaweza kupitisha volti zote za paneli kwenda kwenye taa na televisheni.

Kontrola zinazouzwa huwa za aina mbili, PWM na MPPT. Ikiwa ya PWM, ampea za paneli na ampea zinazoingia betri ni zilezile. Paneli ya wati 100 itakupa ampea 5.5, na kwa betri yenye volti 13 hizo ni wati 72 tu. Wati zilizobaki hazijaibwa. Ndivyo PWM inavyofanya kazi, inaiburuza paneli hadi volti za betri. Kontrola ya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea: wati 99 zikiingia na ufanisi ukiwa asilimia 94, betri yenye volti 13 inapata ampea 7.2 hivi. Kwa hiyo ukipima pande zote mbili na kukuta namba sawa kwenye kifaa kilichoandikwa MPPT, jua likiwa kali na betri ikiwa na njaa, umeuziwa PWM kwenye boksi la MPPT. Jambo hili lipo madukani, na si rahisi kulikamata kwa kutazama boksi tu.

Mtego mkubwa zaidi ni kupima betri ikiwa imejaa. Saa nane mchana, nyumba ambayo watu wameshinda kazini, betri imefika volti 14.4 na kontrola inabana: ampea 0.4 tu zinaingia. Mtu akiona 0.4 kwenye paneli ya wati 100 atasema paneli imekufa. Haijafa. Washa taa zote na televisheni, subiri betri ishuke, kisha soma tena. Kama paneli ni nzima, ampea zitapanda mara moja. Namba ikirukaruka bila kutulia karibu na kujaa, hiyo nayo ni PWM inayokata na kuunga mkondo mara nyingi kwa sekunde, na mita ndogo haiwezi kutoa wastani wake sawasawa.

Jambo moja kuhusu waya za mita zenyewe. Upande wa paneli ukinzani wake hausumbui, maana paneli hutoa ampea karibu zilezile hata volti zikipungua kidogo. Upande wa mzigo unasumbua. Waya zenye ukinzani wa ohm 0.1 zikipitisha ampea 5 hula nusu volti, na kontrola yenye kikomo cha volti 11.5 inaweza kuzima taa kwa sababu tu umeweka mita.

Mkondo mkubwa: shanti na mita ya kubana

Zaidi ya ampea 10, acha maltimita ya kukatiza. Inveta ndiyo inayozichoma nyingi, kwa kuwa pampu au friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida.

Shanti ni kipande cha madini chenye ukinzani unaojulikana. Ile iliyoandikwa 50A 75mV hutoa milivolti 75 ampea 50 zikipita, yaani milivolti 1.5 kwa kila ampea. Ukiwa nayo, maltimita hupima milivolti tu, na hapo haichomeki. Soma milivolti 9.0, gawa kwa 1.5, una ampea 6. Ifunge upande wa hasi, kati ya betri na vitu vyote vingine, na hakikisha hakuna waya wa hasi unaoruka kwenda moja kwa moja kwenye betri. Ukiacha hata mmoja, mkondo wake hautahesabiwa. Waya nyembamba za kupimia zifungwe kwenye skrubu ndogo, zisibanwe pamoja na waya nene, la sivyo utapima pia ukinzani wa boliti. Vioo vidogo vya namba vinavyouzwa na shanti huandikwa ni vya shanti ipi: kioo cha 100A 75mV ukikifungia shanti ya 50A 75mV kitasoma mara mbili ya ukweli, na mwenye nyumba atafurahia ampea ambazo hazipo.

Mita ya kubana haihitaji kukata chochote, na kwa fundi anayezunguka ndiyo ya kununua. Ila nyingi zilizo madukani ni za AC peke yake, za umeme wa TANESCO, na kwenye waya wa sola husoma sifuri hata ampea 20 zikipita. Tafuta alama ya A yenye mstari mnyoofu na vidoti au vistari chini yake, na kitufe cha kurudisha sifuri. Kibonyeze mita ikiwa karibu na mahali pa kupimia na taya zikiwa tupu, ndipo ubane waya mmoja. Ukibana chanya na hasi pamoja itasoma sifuri, kwa kuwa mikondo miwili inakwenda njia tofauti. Kwa mkondo mdogo, zungusha waya mara tano ndani ya taya na gawa jibu kwa tano.

Asiye na kimoja kati ya hivyo anaweza kuutumia waya wenyewe. Mita moja ya waya wa shaba wa milimita 6 za mraba hutoa karibu milivolti 3 kwa kila ampea. Wa milimita 4 hutoa 4.6 na wa 2.5 hutoa 7.4. Toboa ganda kwa pini, pima milivolti kati ya sehemu mbili zilizoachana mita moja kamili, gawa. Linganisha mara moja na maltimita kwenye mkondo wa ampea 5, kwa sababu kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, nao hutoa milivolti nyingi zaidi. Tundu la pini uliyotobolea lifunge vizuri kwa tepu, hewa ya chumvi isiingie.

Mkondo wa usiku

Kipimo hiki hurukwa sana, na ndicho kinachoeleza taa zinazozima saa nne. Zima kila kitu, acha mambo kama yanavyokuwa watu wakilala, kisha pima ampea zinazotoka betri. Kontrola yenyewe hula miliampea chache. Inveta iliyoachwa imewashwa bila kulisha kitu inaweza kula nusu ampea.

Nusu ampea inaonekana ndogo. Weka kwenye hesabu ya siku. Paneli yetu ya wati 100 kwa PWM hutoa ampea 5.5, na siku ya kawaida ya pwani ina mwanga unaolingana na saa nne na nusu za jua kamili: Ah 25. Betri ya risasi hurudisha takribani asilimia 85 ya kilichoingia, zinabaki Ah 21. Taa za ampea 2.3 kwa saa nne ni Ah 9. Televisheni ya ampea 2 kwa saa nne ni Ah 8. Jumla 17, mfumo unatosha. Sasa ongeza inveta iliyosahaulika, nusu ampea kwa saa 24: Ah 12. Jumla 29. Kila siku betri inadaiwa Ah 8, na betri ya Ah 100 iliyoanza ikiwa imejaa inafika nusu ndani ya wiki. Baada ya hapo inaishi nusu tupu, sahani zake zinajenga salfa, na miezi michache baadaye uwezo wake haurudi tena. Atakayeletwa kubadilisha betri atabadilisha, na mpya nayo itaanza kudaiwa siku hiyohiyo.

Kutu kwenye viungo

Mkondo ukishajulikana, kila kiungo kinaweza kuhojiwa bila kufunguliwa. Ampea 5.5 zikiwa zinapita, weka mita kwenye milivolti na gusisha ncha pande mbili za kiungo kimoja: terminali ya betri na kichwa cha waya, miguu miwili ya kishikio cha fyuzi, plagi ya paneli. Kiungo safi huonyesha milivolti chache. Ukikuta 300, hiyo ni ohm 0.055. Kwa taa haitaonekana. Inveta ikivuta ampea 30 kupitia kiungo hichohicho, volti 1.6 zinaishia hapo, joto la wati 50 linatoka sehemu ya ukubwa wa kidole gumba, na inveta inapiga kelele kwamba betri imeisha wakati betri ina chaji.

Nyumba za karibu na maji, Tongoni, Kigombe au Mwambani, zinahitaji kipimo hiki kila baada ya miezi mitatu. Fungua kiungo chenye namba kubwa, sugua kwa msasa hadi shaba ing'ae, kaza kwa spana, kisha paka grisi juu yake ikiwa tayari imekazwa. Waya uliogeuka mweusi hadi ndani ya ganda ukate hadi ufike kwenye shaba nyekundu. Kusugua ncha peke yake hakutoshi, chumvi imeshapanda ndani. Halafu rudisha mkondo uleule, pima milivolti upya, na andika namba mpya kwa kalamu isiyofutika pembeni ya kiungo pamoja na tarehe.